Hodi Dilolo, Hodi Tatiana

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo historia imeanza! Mama Kabedi, directrice wetu, mwenye kampuni, ametuita mafundi wawili wa kompyuta, mimi na Dimitri, akafunga mlango. Amesema amechoka. Kazi ya nyumba hii ya biashara ni kupitisha mizigo ya watu mpakani, na karatasi za mizigo siku hizi zinapita kwenye mtandao, na mtandao unakwenda kwa magoti. Lori la mteja wetu mkubwa limelala Dilolo, mpakani na Angola, tangu wiki iliyopita likisubiri karatasi moja. Dereva ameanza kujifunza Kireno. Basi, atakayeuponya mtandao kabla ya Ijumaa atakuwa chef réseau, mkuu wa mtandao. Bureau, ofisi ya peke yake. Climatiseur ya kupuliza baridi. Kiti kinachozunguka. Jina mlangoni!

Nilijikaza nisipige kelele. Dimitri alijibu kwa Kifaransa, kwa upole, kama mtu aliyezoea kupewa milango. Ametoka Lubumbashi na shati jeupe, na katika vumbi lote hili la Kolwezi shati linabaki jeupe. Simwamini mtu wa namna hiyo.

Bureau ile lazima iwe yangu. Si kwa sababu ya kiti, ingawa nimeshakikalia mara kadhaa wakati wa chakula. Ni kwa sababu ya Tatiana. Baba yake, Tata Mulumba, aliendesha mitambo ya mgodi maisha yake yote, na kwake mtu anayekaa mbele ya kioo cha kompyuta kutwa nzima si mfanyakazi, ni mgonjwa. Ameshasema wazi kwamba binti yake hatamtoa kwa mtu asiye na cheo. Basi jana, baada ya misa, alipouliza tena kazi yangu hasa ni nini, nilimjibu kwamba mimi ni chef réseau, jina langu mlangoni. Maneno yalitoka yenyewe. Alifurahi mno! Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema atakuja Ijumaa kuona huo mlango wenye jina langu.

Kwa hiyo nimeshakuwa chef. Kilichobaki ni kuwaarifu wengine.

Nina mpango. Kuna programu inayopima mtandao unajibu upesi kiasi gani. Inabisha hodi kwenye kompyuta ya mbali, kisha inahesabu muda mpaka isikie karibu. Karibu ikija haraka, taa ya kijani. Ikichelewa kidogo, njano. Ikichelewa sana, nyekundu. Nitaifunga taa hiyo ukutani, Mama Kabedi aone kwa macho yake ugonjwa uko wapi, na ugonjwa utakuwa kwa Dimitri. Yeye ndiye mwangalizi wa antena ya juu ya paa.

Nimeanza kuipakua asubuhi. Mpaka jioni ilikuwa bado inashuka. Nyumba nzima ilikaa bila mtandao. Dimitri alipita akiuliza kama kuna mtu anavuta kitu kizito. Nilimwambia labda ni watu wa Dilolo.

Tatiana hajajibu ujumbe wangu wa mchana. Ajabu, kwa maana mtandao anao. Kwao ni nyuma ya ukuta wetu, na antena inafika mpaka sebuleni. Siku aliyonikubali nilimpa neno la siri la Wi-Fi ya kazini. Wengine wanatoa maua. Nilimwapisha asimwambie mtu yeyote, na Tatiana si mtu wa kusema.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeiingiza programu kwenye kompyuta! Kila iliponiuliza swali nilijibu ndiyo. Sijui niliyoyakubali, lakini tumeelewana.

Kioo kikubwa sasa kiko ukutani pale mapokezi, juu ya kichwa cha Agnès, karani wetu. Taa tatu: hapa kwetu, ofisi ndogo ya Tenke, na Dilolo. Agnès aliuliza filamu inaanza saa ngapi. Nilimweleza kwamba hii ndiyo filamu. Aliendelea kutazama kwa subira, akila karanga.

Kisha programu ilitaka niiambie jibu likichelewa kiasi gani ndipo lihesabiwe baya. Nikafikiri: mtu mwenye heshima haweki kiwango cha chini. Nikaandika milisekunde kumi kwa wote, Dilolo ikiwemo, kule mwisho wa dunia kabisa, watu wakitazamana na Angola. Nikabonyeza. Taa zote tatu zikawa nyekundu kama pilipili.

Wakati huohuo nani aliingia? Mama Kabedi, na mteja! Alisimama chini ya kioo, akauliza, "Zéphirin, juu ya nini kampuni yangu iko inatoka damu?"

Nilijibu kwamba ni majaribio. Alipoingia ndani na mteja wake, nikabadilisha milisekunde kumi kuwa sekunde kumi. Papo hapo kijani! Tenke kijani, Dilolo kijani, uwanja mzima wa majani! Agnès alipiga makofi. Mama Kabedi alitoka, akatazama juu, akasema, "Njo vile! Sasa njo mutandao!" Mbele ya Dimitri alisema hivyo. Nilimwangalia Dimitri shati lake. Lilikuwa na doa dogo la chai. Siku nzuri sana.

Ilidumu mpaka Mama Kabedi alipojaribu kutuma ile karatasi ya lori. Ilizunguka, ikazunguka, ikafa. Akajaribu tena. Ikafa tena. Alitoka akauliza ni kijani gani hii isiyopitisha hata ukurasa mmoja. Dimitri alisogea kwenye kompyuta yangu, akaona zile sekunde kumi, akasema kwa Kifaransa chake laini kwamba kwa kipimo hiki hata maiti hana homa.

Agnès alicheka mpaka karanga zikampalia. Nilimpiga mgongo zaidi ya ilivyohitajika.

Mama Kabedi ameagiza kipimo cha kweli kiwekwe, na Dimitri akaniandikia namba. Nimeziweka. Taa zote zimerudi nyekundu, na sasa ni nyekundu ya haki.

Tatiana alijibu jioni. Kasema alikuwa anatazama tamthilia na shangazi yake na binamu zake, kila mtu kwenye simu yake. Familia nzuri, inayokaa pamoja.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimegundua kosa. Programu ilikuwa inabisha hodi mara moja kila baada ya dakika tano. Dakika tano! Nani atakufungulia? Mtu akija nyumbani na shida ya kweli anagonga mpaka mlango ufunguke. Nikaiagiza ibishe kila sekunde, kutoka kompyuta zote za nyumba, kwenda Tenke na Dilolo kwa pamoja.

Mtandao ukaanguka chini kabisa. Hata picha ndogo haikufunguka. Simu ikalia: ni Mechack wa ofisi ya Tenke, akiuliza tumepatwa na nini, mashine yake imeacha kazi zote, inaitikia hodi tu tangu asubuhi. Kisha akasema, "Kama munatuchukia, museme, tutaelewa." Dilolo hawakupiga. Walikuwa wamechomoa waya.

Dimitri alikuja, akarudisha dakika tano bila kusema neno. Kutosema neno! Mtu anitukane, lakini asinyamaze hivyo. Mama Kabedi alisema mengi. Kwa kifupi: nafasi moja zaidi, na isipofaa nitarudi kubadilisha wino wa printa mpaka nistaafu.

Nilitoka nje kuvuta hewa nikiwa na huzuni ya kweli. Ijumaa ni keshokutwa. Kichwani nilimwona Tata Mulumba amesimama mbele ya mlango, akisoma: Dimitri. Niliona mdomo wake unavyokunjamana. Niliona Tatiana akiolewa na dereva wa mtambo mkubwa, na mimi nikialikwa kushughulikia vipaza sauti.

Hapo king'ora cha mgodi kikalia. Leo ilikuwa siku ya baruti.

Sisi hapa tumezaliwa na jambo hilo. Shimo la mgodi liko karibu na mtaa, na kabla hawajalipua mwamba king'ora kinalia, na kila mtu anaacha alichonacho mkononi anakwenda uwanja wa mpira. Hakuna anayeuliza. Agnès aliacha chai. Dimitri mgeni wa Lubumbashi aliacha hata simu. Mbele alikuwa Tata Mulumba mwenyewe, rais wa komiti ya usalama ya mtaa, kofia ngumu kichwani, filimbi mdomoni, bendera nyekundu mkononi, akihesabu watu. Tulikaa, tukasikia buum, vumbi likapita, tukarudi.

Njiani alinung'unika. King'ora cha mgodi kimekauka sauti, mwisho wa avenue, barabara yetu, hawakisikii, leo tena mama mmoja amekutwa bafuni anaimba. Miaka yote anawaomba wakubwa kingine, hakuna anayemsikiliza. "Beko banangoja mutu akufe kwanza," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu, si kwa vumbi. Nilimhurumia. Lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeshika simu yangu kifuani, kwa sababu nilikuwa nimekirekodi king'ora chote, mwanzo mpaka mwisho.

Kwa maana nimeelewa! Taa zangu zina kasoro moja tu: watu wanaweza kuzitazama na wasifanye kitu. Inatakiwa sauti. Na ni sauti gani ambayo Kolwezi nzima, tajiri na maskini, padri na mchimbaji, inaitii bila swali?

Nina akili mpaka naogopa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeamka mapema. Nimeiagiza programu: taa ikikaa nyekundu, piga sauti. Taa ikirudi kijani, nyamaza. Sauti nimeiunganisha na kile kipaza sauti cha juu ya paa tunachoitia madereva uani, ili Mama Kabedi asikie popote alipo. Nikakaza sauti mpaka mwisho. Dimitri aliuliza ninafanya nini na nyaya zile. Nilimwambia ni muziki wa wateja.

Asubuhi ilianza vizuri, taa zikiwa njano njano. Kisha mtandao ukalemewa kama kawaida yake. Nyekundu. Na king'ora kikalia.

Mama yangu! Cha mgodi ni kikohozi mbele ya hiki! Kilitoka juu ya paa letu kikafika kila nyumba, kikazunguka kanisa kikarudi. Nilitegemea Mama Kabedi atatoka aseme, Zéphirin, mtandao umelemewa, hebu tuchukue hatua. Alitoka, ndiyo. Alitoka kiatu kimoja mguuni, akapita mbele yangu, akapita lango. Nyuma yake Agnès na karanga zake. Nyuma yake Dimitri, akimbebea Agnès mkoba! Nilipaza sauti kwamba ni programu, ni programu tu. Nani angesikia?

Nilipanda juu ya gari bovu lililo uani nikaona avenue yote inamwagika kuelekea uwanjani. Watoto wa shule kwa mistari. Kinyozi na mteja wake mwenye nusu ya kichwa. Mama Shekina wa mikate alibeba karai lake likiwa na mafuta ya moto, amelizungushia kitenge, akiwapigia watu kelele wampishe. Kwaya iliyokuwa mazoezini ilitoka na ngoma. Na wa mwisho wa avenue, wale wasiosikia kamwe, walitoka wote! Yule mama wa bafuni alitoka na povu kichwani, amejifunga taulo na khanga mbili. Tata Mulumba alikuwa anapuliza filimbi kama mtu aliyefunga bao.

Nikarudi ndani. Nyumba tupu. Nikanyanyua macho kwenye kioo.

Kijani.

Tenke kijani. Dilolo kijani, kijani ya kipimo cha Dimitri mwenyewe! King'ora kikanyamaza chenyewe. Nikakaa kwenye kompyuta ya Mama Kabedi, nikachukua ile karatasi ya lori, nikabonyeza tuma. Haikuzunguka hata kidogo. Iliondoka! Baada ya muda mfupi simu ikalia, ni dereva wa Dilolo, anapiga kelele kwa furaha, wamemfungulia njia, nimsalimie Mama Kabedi, na akaongeza neno la Kireno ambalo sikulielewa ila lilikuwa zuri.

Nimeuponya mtandao! Jinsi gani, sijui. Labda mtandao pia unaogopa king'ora.

Uwanjani walisubiri buum. Haikuja. Wakasubiri. Kwaya ikaona ni vibaya kukaa bure, ikapiga wimbo. Mama Shekina akaona mafuta bado moto, akakaanga. Mwishoni Tata Mulumba alitangaza kwamba mgodi umebadilisha mawazo, watu wakarudi kazini wakicheza.

Wakaingia nyumbani mwao, mtandao ukawa mwekundu, king'ora kikalia.

Wakatoka tena. Kijani! Wakarudi. Nyekundu. Wakatoka tena, mara hii na viti, na sufuria ya bukari, ugali wetu, na mtu mmoja na kreti ya bia. Kabla ya jua kushuka ile haikuwa tena baruti, ilikuwa sikukuu. Nilimwona Dimitri anacheza. Shati lake lilikuwa jekundu kwa vumbi kuanzia kola mpaka chini, na alikuwa anacheka, mnafiki yule.

Niliuchomoa waya watu walipochoka. Sikumwambia mtu chochote. Nataka kuwashangaza kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimevaa koti la ndoa la kaka yangu. Mikono yake inanifunika vidole.

Asubuhi wamekuja mabwana wawili wa mgodi wenye fulana za kung'aa, wakiuliza kwa adabu nani analipua bila wao. Wamefuata waya kutoka kwenye kipaza sauti, wamefika kwenye meza yangu. Mama Kabedi aliwaomba msamaha, akawapa chai, akawasindikiza. Kisha akanigeukia.

Nikajitetea kiume. Nikasema: Mama directrice, king'ora kikilia mtandao unapona, umeona mwenyewe lori la Dilolo limepita, nani mwingine aliyelipitisha? Dimitri alikuna kidevu akasema kwamba jambo hilo ni la ajabu kweli. Mtandao unakuwa mzuri mtaa ukiwa mtupu. Ni kana kwamba mtaa wote unaishi ndani ya mtandao wetu. Lakini haiwezekani, alisema, kwa sababu neno la siri tunalijua sisi wachache tu.

Nikaanza kusikia joto kwenye koti.

Hapo akaingia Tata Mulumba! Suti ya kijivu, kofia mkononi, Tatiana nyuma yake na kitenge kipya. Alimsalimia Mama Kabedi kwa heshima zote, akauliza habari za nyumba, habari za kazi, habari za watoto. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akasema kwamba anayo shukrani ya kutoa kwa niaba ya mtaa mzima.

"Mama directrice, Mungu akubariki juu ya connexion yenye ulitupatia. Ku nyumba yetu inafika muzuri kabisa. Ku bajirani, ku kwaya, ku Mama Shekina, mupaka kule mwisho wa avenue. Bazee beko banaangalia mupira, batoto beko banasoma. Hakuna kampuni ingine inafanya vile."

Nilisikia Agnès anameza karanga.

Mama Kabedi aliuliza, polepole, nani aliwapa neno la siri. Tata Mulumba akajibu kwa fahari kwamba ni mkwe wake mtarajiwa, chef réseau, huyu hapa. Nilimtazama Tatiana. Tatiana alitazama viatu vyake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alimwambia shangazi tu. Na binamu. Na kwaya, kwa sababu walikuwa na mazoezi nyumbani kwao.

Dimitri aliketi kwenye kompyuta, akabadilisha neno la siri. Ilimchukua muda wa kupiga chafya. Taa zote tatu zikawa kijani, na zikabaki kijani, na mtaa wote ulikuwa nyumbani mwao. Nje tukasikia sauti za watu wanauliza majirani kama na kwao imekatika.

Mama Kabedi alimpa Dimitri mkono. Chef réseau. Bureau, climatiseur, kiti. Agnès alikuwa ameshachapa jina, alilibandika mlangoni pale pale, mbele ya Tata Mulumba, ambaye alivaa miwani yake akalisoma kwa kutulia, herufi kwa herufi. Jambo nililoliota Jumatano lilinijia lote, pamoja na ule mdomo unaokunjamana. Nilitaka sakafu inimeze na koti la kaka yangu.

Nilimwambia ukweli. Sikuwa na kitu kingine kilichobaki. Nikasema mimi si chef wa kitu chochote, nilisema uongo kwa sababu nampenda Tatiana, na kile king'ora cha jana kilichomkimbiza siku nzima ni changu pia, na anisamehe.

Tata Mulumba alivua miwani. Akauliza, "Ile sirène njo ya kwako?"

Nikaitikia.

"Ile yenye ilifika mupaka mwisho wa avenue?"

Nikaitikia tena, nikafumba macho. Badala ya kofi nikasikia mikono inanikamata, inaninyanyua juu. Ananikumbatia! Analia! Anasema miaka yote amewaomba wakubwa king'ora kinachosikika, wamempa ahadi na fulana, na leo mtoto wa hapahapa amekifanya kwa mikono yake, hata mama wa bafuni ametoka na povu lake. Akamgeukia Mama Kabedi, akaomba kipaza sauti kibaki juu ya paa kwa ajili ya komiti, kilie tu pale mgodi unapotoa ishara ya baruti. Mama Kabedi alijaribu kukunja uso. Akashindwa. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, akasema kichukueni, na huyu mchukueni pia kila siku ya baruti, lori langu limepita Dilolo, sina ugomvi na mtu leo.

Kwa hiyo mbele ya wote, kwa mamlaka ya komiti ya usalama ya mtaa, nimeteuliwa. Chef wa king'ora! Tata Mulumba alinivisha kofia yake ngumu mwenyewe. Inashuka mpaka puani, lakini ni cheo. Akasema sasa familia yangu inaweza kuja kuzungumza. Tatiana alitabasamu vile anavyotabasamu, mimi nikagonga mlango wa Dimitri kwa kofia, kwa sababu sikuona.

Jumapili, 12 Oktoba

Wiki njema kuliko zote za maisha yangu! Nimetafakari makosa yangu kwa makini. Sikuyaona mengi.

Jana nilikwenda kwa Dimitri, nikamkuta anazunguka kwenye kiti. Nikamwomba neno la siri jipya, maana mtambo wa king'ora unahitaji mtandao. Akaniapisha nisimpe mtu hata mmoja. Niliapa. Yeye si mbaya sana, Dimitri, ila anapenda kushuku watu.

Nimempa Tatiana peke yake. Karibuni atakuwa mke wangu, si mtu. Na Tatiana si mtu wa kusema.

Kisha nimepata wazo, na hili ni bora kuliko yote. Tatizo la Tatiana nilishalitaja: anachelewa kujibu. Basi ile programu nzuri imekaa tu kubisha Tenke na Dilolo ambao siku hizi wanajibu upesi, kazi ya bure. Nimeiagiza ibishe hodi kwenye simu ya Tatiana. Nimeiwekea kipimo cha upole, cha mapenzi. Simu ikikaa sana bila kujibu, inipe ishara ndogo. Ishara gani? Sauti iliyokuwepo ni ile ile moja. Nitaibadilisha kesho.

Sasa hivi nimebaki nyumbani naandika, misa ya kwanza nilikwenda. Tatiana yuko misa ya pili, anaimba na kwaya. Kanisani antena haifiki, kuta ni nene, lakini misa haichukui muda mr

Nasikia king'ora.

Siku ya baruti si leo. Mgodi haulipui Jumapili. Nimechungulia dirishani. Kanisa linatoka lote, padri na kanzu yake, kwaya na ngoma, Mama Shekina ameshawasha karai, watu wa mwisho wa avenue wamekuja na viti, na mbele yao baba mkwe anapuliza filimbi huku ananitafuta kwa macho, chef wake.

Kinasikika vizuri ajabu! Lakini nani amekiwasha? Simu ya Tatiana haina tatizo, nimeiwekea kipimo mwenyewe. Antena haina tatizo. Nimefikiri pande zote, na anayejua neno la siri zaidi yangu ni mtu mmoja tu.

Dimitri!